Tezi za mate za wanyama wadogo chini ya hadubini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa baiolojia na tiba ya mifugo, na kwa mafundi wa maabara wanaokata na kusoma tezi za mate za panya, sungura, simbilisi, popo na virukanjia. Tukisema panya mkubwa tunamaanisha spishi ya rat, na panya mdogo ni spishi ya mouse, wala si umri. Vipimo vyote ni vya njia ya kawaida ya nta ya parafini, isipokuwa pale tulipotaja vingine.

Mnyama mdogo ana tezi ngapi za mate, na ziko wapi?

Kubwa ni jozi tatu: parotidi, tezi ya chini ya taya na tezi ya chini ya ulimi. Majina haya yalitokana na mwili wa binadamu, na kwa panya yanapotosha. Tezi ya chini ya taya ya panya haikai chini ya taya. Imeshuka shingoni, imelala mbele ya koo hadi karibu na kidari, na ya kulia inagusana na ya kushoto katikati. Ukipasua ngozi ya shingo ndiyo ya kwanza kuonekana.

Tezi ya chini ya ulimi ni ndogo, ya mviringo, nayo imejibandika ubavuni mwa tezi ya chini ya taya, kwa mbele na kwa nje. Zote mbili zimefunikwa na gamba moja jembamba la tishu unganishi. Parotidi huanzia kwenye shina la sikio, ikatandaa shingoni kama kitambaa laini kilichochanika pembeni, imechanganyika na mafuta. Haina ukingo wa kueleweka, ndiyo maana wengi huikosa au huitoa nusu.

Sungura ana tezi ya ziada, ya zaigomatiki, iliyo karibu na tundu la jicho. Wanyama wote hawa wana pia tezi ndogondogo za midomo, mashavu, kaakaa na ulimi. Zile za von Ebner, zilizo nyuma ya ulimi chini ya vinundu vya kuonjea, ni za majimaji matupu.

Nitazitoaje bila kuziharibu?

Mlaze mnyama chali, lowesha manyoya ya shingo kwa ethanoli ya 70% ili yasiruke. Pasua ngozi peke yake kutoka kidevuni hadi kifuani, kisha itenge pande zote mbili kwa mkasi wenye ncha butu. Shika gamba la tezi au mafuta yaliyo kando yake. Usishike tezi yenyewe. Koleo likiibana mara moja tu, sehemu iliyobanwa itaonekana kwenye slaidi kama viini virefu vyeusi vilivyokokotwa, na hakuna rangi itakayoirekebisha.

Toa tezi ya chini ya taya pamoja na ya chini ya ulimi zikiwa bado zimeshikana. Usihangaike kuzitenganisha. Zikikatwa pamoja kwa bapa unapata tezi mbili za aina tofauti kwenye slaidi moja, zilizopita dawa zilezile kwa muda uleule, na hicho ni kipimo bora cha rangi kuliko slaidi yoyote ya kununua. Kwa parotidi, anzia kwenye shina la sikio ukishuka, chukua na mafuta yake, itandaze juu ya kipande cha karatasi ngumu, kisha uitie kwenye fomalini pamoja na karatasi hiyo. Ukiitupa tu kwenye chupa itajikunja, na mkato utakuwa hauna mwelekeo.

Tangu mnyama afe hadi tezi iingie kwenye fomalini zisizidi dakika 10 hadi 15. Kwenye joto la Tanga au Mombasa, bila kiyoyozi, punguza zaidi. Seli hizi zimejaa vimeng'enya, na damu ikisimama tu huanza kujimeng'enya zenyewe.

Nitajuaje kwamba nilichokata ni tezi ya mate na si kitu kingine?

Vitu vinne huwadanganya watu. Cha kwanza ni tezi ya limfu: kwa macho ni kama punje ya kunde, laini, na chini ya hadubini ni bahari ya viini vidogo vyeusi bila mfereji hata mmoja. Cha pili ni mafuta ya kahawia ya shingoni, ambayo seli zake zina matone mengi madogo na kiini karibu na katikati.

Cha tatu ndicho kigumu zaidi. Panya wana tezi ya machozi iliyo nje ya tundu la jicho, imeteremka hadi chini ya sikio, jirani kabisa na parotidi. Vifuko vyake ni vya majimaji kama vya parotidi. Tafuta mifereji yenye michirizi: parotidi inayo mingi, tezi ya machozi haina. Halafu angalia viini. Katika tezi ya machozi ya madume ya panya mkubwa utakuta viini vikubwa kupita kiasi, vingine mara mbili au tatu ya jirani zake. Hilo ni jambo la kawaida kwao, wala si saratani.

Cha nne ni kongosho, lakini hilo hutokea chupa zikichanganywa. Kongosho lina visiwa vya Langerhans vyenye rangi hafifu, nalo pia halina mifereji yenye michirizi.

Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: usiitaje tezi kwa jina kabla hujaona mifereji yake. Vifuko hufanana, lakini mifereji ndiyo inayosema.

Muundo wa msingi ni upi?

Fikiria kichala cha zabibu. Punje ni vifuko vya seli viitwavyo asinasi, ambavyo hutengeneza mate. Vikonyo ni mifereji, ambayo huyapeleka na kuyabadilisha njiani. Vichala vingi vikifungwa pamoja kwa tishu unganishi huunda lobuli, na lobuli nyingi huunda lobu. Kati ya lobuli hupita mishipa ya damu, neva na mifereji mikubwa.

Kila kifuko kina seli chache zenye umbo la piramidi, zimekaa juu ya utando wa msingi, ncha zao zikielekea kwenye uwazi mdogo wa katikati. Uwazi huo ni mdogo kiasi kwamba kwenye H&E (rangi za hematoksilini na eosini) mara nyingi hauonekani. Asiyeuona asidhani amekosea.

Kati ya seli na utando wa msingi kuna seli bapa zenye mikono kama pweza, zilizokikumbatia kifuko. Hizi ni seli za mayoepitheli: zina asili ya epitheli lakini hujikaza kama misuli na kusukuma mate. Kwenye H&E utaona kiini chake tu, chembamba, pembezoni. Ukitaka kuona mikono yenyewe tumia kingamwili dhidi ya aktini ya misuli laini, yaani protini inayoshika aktini hiyo na kuionyesha kwa rangi. Katika parotidi ya panya mkubwa seli hizi ziko zaidi kwenye mifereji unganishi kuliko kwenye vifuko, hivyo usishangae ukikuta vifuko visivyo nazo.

Seli za majimaji na seli za ute natofautishaje?

Seli ya majimaji, ambayo hutoa protini kama amilesi, ina kiini cha duara kwenye theluthi ya chini. Sehemu ya chini ya seli ni zambarau kwa sababu ya wingi wa RNA kwenye retikulamu ya kutengeneza protini, na sehemu ya juu ina chembechembe za waridi. Seli ya ute ina kiini kilichobanwa chini hadi kikawa kama sahani, na saitoplazimu nyeupe yenye povu, maana ute haushiki hematoksilini wala eosini vizuri.

Parotidi ya panya wa maabara ni ya majimaji matupu. Tezi ya chini ya ulimi ni ya ute, ikiwa na kofia za seli za majimaji. Tezi ya chini ya taya ndiyo inayowapiga chenga wanaokuja na kitabu cha binadamu mkononi. Kwa binadamu utakuta vifuko vya majimaji na vya ute vimechanganyika. Kwa panya wote, mkubwa na mdogo, vifuko ni vya aina moja, na kila seli iko katikati ya hali hizo mbili: si majimaji safi, si ute safi. Hugeuka zambarau-nyekundu kwenye PAS (rangi ya asidi ya periodiki na Schiff), lakini kiini chake ni cha duara. Ukitafuta humo vifuko vya ute vya aina ya binadamu utatafuta mpaka jioni.

Hilali za Giannuzzi ni nini? Je, ni za kweli?

Ni kofia za seli za majimaji zenye umbo la mwezi mwandamo, zinazokaa kwenye ncha ya kifuko cha ute. Zilielezwa na Giannuzzi mwaka 1865 na kila mwanafunzi huzichora kwenye mtihani.

Seli zenyewe ni za kweli. Umbo la hilali ndilo lenye mashaka. Tezi ya chini ya ulimi ya panya ilipogandishwa kwa kasi sana badala ya kulowekwa kwenye dawa, seli za majimaji zilionekana zimepangana na za ute kwenye mstari mmoja, zote zikifika kwenye uwazi wa katikati. Maelezo ni kwamba dawa ya kuhifadhi huufanya ute uvimbe, seli za ute zinatanuka na kuzisukuma jirani zake pembeni. Kwa hiyo andika hilali kwenye ripoti bila wasiwasi, maana ndicho kinachoonekana kwenye parafini, lakini usijenge juu yake hoja kuhusu jinsi seli zilivyopangwa mnyama akiwa hai.

Mifereji iko ya aina ngapi?

Kutoka kwenye kifuko mate huingia mfereji unganishi: mwembamba, seli fupi, viini vimekaribiana. Hupotea kirahisi machoni. Kisha huja mfereji wenye michirizi, na huu hauwezi kuukosa: seli ndefu za waridi kali, kiini katikati, na chini ya kiini mistari ya wima kama kitana. Mistari hiyo ni mikunjo ya utando wa chini wa seli, na katikati ya mikunjo zimesimama mitokondria zilizojipanga. Nguvu zote hizo ni za kupampu chumvi. Seli hunyonya sodiamu na kloraidi kutoka kwenye mate, hurudisha potasiamu na baikaboneti, na kwa kuwa hazipitishi maji kirahisi, mate yanayofika mdomoni yana chumvi pungufu kuliko damu.

Mwisho ni mfereji wa kutolea, ulio kati ya lobuli, wenye tabaka mbili au zaidi za seli na ukuta mnene wa tishu unganishi.

Mbona tezi ya chini ya taya ya panya wangu dume imejaa mirija mikubwa ya waridi ambayo haimo kwenye vitabu?

Hiyo ni mirija ya chembechembe, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika somo hili. Iko kati ya mfereji unganishi na mfereji wenye michirizi, kwenye tezi ya chini ya taya ya panya. Binadamu hana.

Weka slaidi ya panya mdogo dume aliyekomaa, anza na lenzi ya 4. Nusu au zaidi ya uwanja itakuwa waridi inayong'aa, na vifuko vya zambarau vimebanwa katikati kama majani ndani ya matofali. Panda hadi lenzi ya 40. Seli za mirija hii ni ndefu, kiini kimesukumwa chini, na juu yake chembechembe nyekundu zimejaa hadi kwenye uwazi, nyingine kubwa, nyingine ndogo. Michirizi ya chini imebaki kidogo au haipo. Sasa weka slaidi ya jike wa umri uleule. Mirija ni myembamba, chembechembe chache, vifuko vimetawala. Mtu asiyejua jinsia ataapa kwamba ni tezi mbili tofauti.

Chanzo ni homoni. Mirija hii haipo wakati wa kuzaliwa. Hukomaa panya anapobalehe, kwa nguvu ya androjeni, na homoni ya thairoidi pia inahusika. Dume akihasiwa mirija husinyaa, jike akipewa testosteroni hunenepa. Kwa panya mkubwa tofauti ya jinsia ipo lakini si kubwa kama kwa panya mdogo.

Ndani ya chembechembe kuna protini nyingi: kalikreini, renini kwa panya mdogo, kichocheo cha ukuaji wa neva na kichocheo cha ukuaji wa epitheli. Hivi viwili vya mwisho viliandika historia. Katika miaka ya 1950 huko St. Louis, Marekani, wanasayansi Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walikuta kwamba sumu ya nyoka ina nguvu kubwa ya kukuza neva. Tezi ya sumu ya nyoka ni ndugu wa tezi ya mate, kwa hiyo Cohen akageukia tezi ya chini ya taya ya panya dume, akaikuta imejaa kichocheo hicho. Dondoo ya tezi hiyo ilipochomwa kwa vitoto vya panya, vilifumbua macho kama siku ya 7 badala ya siku ya 12 hadi 14, na meno yakatoka mapema. Kilichosababisha hayo kilikuwa kichocheo kingine, cha epitheli, ambacho Cohen alikichapisha mwaka 1962. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Kwa kazi ya kila siku, jambo hili lina maana moja: ukilinganisha tezi za madume wa kundi moja na za majike wa kundi jingine, hujalinganisha dawa wala ugonjwa. Umelinganisha jinsia.

Slaidi mbili za parotidi, panya wa aina moja, jinsia moja, umri mmoja. Kwa nini hazifanani?

Uliza walikula nini na saa ngapi. Panya hula usiku. Aliyeuawa alfajiri baada ya kula ana vifuko vilivyomwaga chembechembe zake, seli zimepungua na uwazi umepanuka. Aliyefungwa bila chakula usiku kucha ana seli zilizovimba kwa chembechembe. Kujaza upya huchukua saa kadhaa. Dawa nazo huingilia: pilokapini na isoproterenoli humwaga chembechembe, atropini huzuia mate.

Chakula chenyewe hubadilisha tezi. Panya anayelishwa chakula cha majimaji kwa wiki kadhaa hatafuni, na parotidi yake husinyaa. Kinyume chake, panya anayelishwa mtama wenye tanini nyingi, ile mitama ya rangi nyekundu au kahawia ambayo ndege huikwepa kwa sababu ya ukakasi, parotidi yake huvimba ndani ya siku chache. Seli huanza kutengeneza kwa wingi protini zenye prolini nyingi, ambazo huikamata tanini mdomoni kabla haijazuia umeng'enyaji. Isoproterenoli huleta mabadiliko yaleyale, na dawa za kuzuia vipokezi vya beta huyazuia, jambo linaloonyesha kwamba ishara hupitia neva za simpathetiki. Anayefuga panya wa utafiti kwa chakula cha kuchanganya mwenyewe, chenye mtama wa sokoni, alijue hili kabla hajaandika kwamba tezi imekua kwa sababu ya dawa yake.

Fomalini nitaichanganyaje?

Kwa lita 1: fomalini ya dukani (37 hadi 40%) mililita 100, maji yaliyosafishwa mililita 900, sodiamu fosfeti ya hidrojeni mbili (yenye molekuli moja ya maji) gramu 4, na sodiamu fosfeti ya hidrojeni moja (isiyo na maji) gramu 6.5. pH iwe karibu na 7. Fomalini isiyo na bafa hugeuka asidi na kuacha vumbi la kahawia-nyeusi juu ya chembe za damu, ambalo wengi hulidhani ni chuma au vijidudu.

Ujazo wa fomalini uwe mara 10 hadi 20 ya tezi, unene wa kipande milimita 3 hadi 5, muda saa 24 hadi 48. Tezi ya panya mdogo hutosheka na saa 24. Ikikaa wiki nyingi haitaoza, lakini kingamwili zitagoma kushika.

Tezi ndogo nizipitishe kwa ratiba ileile ya vipande vya hospitali?

Hapana. Hapo ndipo tezi nyingi za panya huharibikia. Mashine ya hospitali imepangiwa vipande vinene na hukaa usiku kucha kwenye alkoholi kali na zailini. Tezi ya milimita 3 hukauka kupita kiasi, inakuwa kama biskuti, na kisu kikipita unapata mistari sambamba ya mipasuko kama pazia la dirisha.

Kwa vipande vidogo tumia ethanoli ya 70% saa moja, 80% dakika 45, 95% mara mbili dakika 45 kila moja, 100% mara tatu dakika 45, zailini mara mbili dakika 30 hadi 45, kisha nta mara mbili saa moja kila moja, joto 58 hadi 60 °C. Parotidi yenye mafuta mengi iongezee muda kwenye ethanoli ya 100% na zailini, la sivyo mafuta hubaki, nta haiingii, na mkato hutoboka.

Kata kwa mikromita 4 hadi 5. Bafu la maji liwe 40 hadi 45 °C. Likizidi hapo tezi ya ute hutawanyika kama uji. Bloku likiwa kavu, liweke juu ya barafu yenye maji dakika 10 kabla ya kukata.

Rangi zipi nitumie?

Anza na H&E: hematoksilini ya Mayer dakika 5 hadi 10, osha kwa maji ya bomba yanayotiririka mpaka viini viwe samawati, eosini dakika 1 hadi 2. Usizidishe eosini, maana mirija ya chembechembe itafanana na mifereji yenye michirizi.

Kwa ute, tumia samawati ya Alcian pamoja na PAS kwenye slaidi moja. Alcian 1% ndani ya asidi asetiki 3% (pH 2.5) dakika 30, osha, asidi ya periodiki 1% dakika 5 hadi 10, suuza, Schiff dakika 15, kisha maji ya bomba yanayotiririka dakika 10. Hapo mwisho ndipo waridi hukomaa, usikate muda. Ute wenye asidi huwa samawati, glaikoprotini zisizo na asidi huwa magenta, mchanganyiko huwa zambarau. Tezi ya chini ya ulimi ya panya huchukua samawati kali na parotidi haichukui. Ukitaka ute wenye salfeti peke yake, teremsha pH ya Alcian hadi 1.0. Na kama unashuku kwamba magenta unayoiona ni glaikojeni, tibu slaidi pacha kwa diastasi, kimeng'enya kinachovunja glaikojeni: ikitoweka, ilikuwa glaikojeni.

Slaidi yangu ina kasoro. Imetoka wapi?

Viini hafifu na seli zilizoachana na utando wa msingi: tezi ilichelewa kuingia kwenye fomalini. Katikati ya kipande peke yake kumeharibika na pembeni kuzuri: kipande kilikuwa kinene. Nafasi nyeupe pana kati ya lobuli: nyingi ni kunywea kwa tishu wakati wa alkoholi, wala si uvimbe wa maji. Uvimbe wa kweli huacha nyuzi na majimaji ya waridi hafifu ndani ya nafasi hizo. Mistari mirefu inayokatiza mkato wote: kisu kina pengo. Viini juu ya viini: mkato mnene. Matundu ya duara matupu kwenye parotidi: seli za mafuta, za kawaida kabisa.

Kingamwili zinashika kila mahali. Nifanyeje?

Tezi hizi zina vizuizi vyake. Vifuko vya tezi ya chini ya taya ya panya mkubwa vina peroksidesi ya asili, hivyo bila kuzima kwa hidrojeni peroksaidi 3% dakika 10 utapata kahawia ya uongo. Mifereji yenye michirizi, kwa wingi wa mitokondria, ina biotini ya asili, kwa hiyo kwepa mifumo ya kuonyesha rangi kwa biotini na avidini, tumia ya polima. Na kingamwili iliyotengenezwa kwa panya mdogo ukiitumia kwenye tishu ya panya mdogo, kingamwili ya pili itashika damu na tishu unganishi zote. Chagua ya sungura. Daima weka slaidi moja isiyo na kingamwili ya kwanza.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni akwaporini 5, protini inayopitisha maji: iko kwenye utando wa juu wa seli za vifuko, na ikionekana kama mistari myembamba kuzunguka uwazi, kazi yako imekaa sawa.

Na hadubini ya elektroni?

Fomalini ya kawaida haitoshi. Vipande visizidi milimita 1, glutaraldehaidi 2.5% kwenye bafa ya kakodileti 0.1 M, kisha osmiamu tetroksaidi 1%, resini, mikato ya nanomita 60 hadi 90. Kakodileti ina aseniki na osmiamu hudhuru macho, kwa hiyo zote mbili hufanyiwa kazi ndani ya kabati la hewa.

Virukanjia wana sumu kwenye mate?

Baadhi tu. Kirukanjia Blarina brevicauda wa Amerika Kaskazini ana sumu kwenye tezi ya chini ya taya, na mwaka 2004 watafiti wa Japani walitenga protini yake, iitwayo blarina toksini. Ni protesi ya jamii ya kalikreini, yaani ukoo uleule wa protini unaojaza mirija ya chembechembe ya panya. Mwingine ni Neomys fodiens wa Ulaya na Asia, na nje ya virukanjia wenyewe yupo ndugu yao solenodoni wa visiwa vya Karibi. Usilichukue hili ukalibandika kwa kila kirukanjia unayemkuta uani.

Na popo?

Popo hutofautiana kwa chakula kuliko karibu mamalia wote, na tezi zao zinafuata mkondo huo: wala wadudu, wala matunda, wanywa nekta, na wanywa damu wa Amerika ya Kusini na Kati. Mate ya mnywa damu Desmodus rotundus yana drakulini, inayozuia damu kuganda, na kimeng'enya kinachoyeyusha bonge la damu. Kwa hiyo usichukue picha ya popo mmoja ukaiita tezi ya popo. Taja spishi.

Kuna hatari gani kushughulika na wanyama wa porini?

Kubwa. Popo Rousettus aegyptiacus, anayekaa mapangoni Afrika Mashariki, hubeba virusi vya Marburg. Virusi hivyo vilitengwa kutoka kwa popo wa mgodi wa Kitaka, Uganda, na hutoka pia kwenye mate. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa Marburg mwaka 2023. Kwa panya wa porini kuna leptospira kwenye mkojo, na viroboto wao hubeba tauni, ugonjwa ambao Lushoto waliujua kwa miaka. Bila kibali, mafunzo na vifaa kamili vya kinga, usimpasue popo wa pangoni. Panya wa mtego afe kwanza, viroboto wauawe, ndipo apasuliwe, kwa glavu mbili na barakoa.

Ugonjwa gani nitaukuta kwa panya wa maabara bila kutarajia?

Kwa panya mkubwa, virusi vya korona vya sialodakrioadenitisi (uvimbe wa tezi za mate na za machozi). Shingo huvimba, na kwenye slaidi utaona seli zilizokufa na uvimbe wa maji kwenye parotidi na tezi ya chini ya taya, lakini tezi ya chini ya ulimi husalia salama. Ukiona tezi ya ute nzima pembeni ya tezi iliyoteketea, hilo liwe la kwanza kulifikiria. Kwa simbilisi, seli za mifereji zenye kiini kikubwa chenye jabali jekundu ndani ni saitomegalovirusi. Vikundi vidogo vya limfosaiti karibu na mishipa kwa panya wazee ni vya kawaida, isipokuwa kwa panya wadogo wa aina ya NOD, wanaotumiwa kuchunguza ugonjwa wa Sjögren (kinga ya mwili kushambulia tezi za mate na za machozi), ambao ndani yao hivyo vikundi ndicho unachokihesabu.

Niandike nini kwenye lebo?

Spishi na aina, jinsia, umri au uzito, saa ya kufa, saa ya kuingia kwenye fomalini, chakula cha mwisho, dawa ya usingizi, upande wa kulia au kushoto, na jina la tezi. Andika kwa penseli kwenye kaseti na kwenye ncha ya slaidi iliyokwaruzwa. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika kwenye alkoholi ya kwanza.